Meno ya Mbele Yasiyokutana: Namna ya Kuyakutanisha kwa Kijana Bila Kupasua Taya

Mpe kijana mwenye tatizo hili muhindi wa kuchoma, utaona anauzungusha mpaka pembeni mwa mdomo na kuupukuchua kwa meno ya upande. Meno yake ya mbele hayamsaidii kitu, kwa sababu hayakutani. Magego yakishafunga kabisa, mbele kunabaki uwazi ambao ncha ya ulimi hupita bila kuguswa. Muwa hawezi kuumenya kwa meno, chapati anaichana kwa mkono kabla ya kuipeleka mdomoni, na akitamka "sasa" au "zaidi" hutoka kithembe. Hili si pengo la jino lililong'oka, wala si mwanya ule ambao wengi wetu huuhesabu kuwa urembo. Ni safu mbili za meno, zote kamili, ambazo hazifikiani. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyafunika ya chini kwa milimita mbili hivi. Hapa hayafuniki hata kidogo.

Si jambo adimu kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 jijini Dar es Salaam, uliukuta uwazi huu kwa asilimia 16.1 yao, karibu mtoto mmoja kati ya sita. Nairobi, katika miaka ya 1990, watoto 919 wa miaka 13 hadi 15 walipimwa na asilimia 8 wakakutwa nao. Takwimu za aina hii hupanda na kushuka kulingana na mahali mpimaji anapoanza kuhesabu, kwa hiyo nisingezigombanisha. Kuna jambo jingine katika utafiti wa Dar linalostahili kuangaliwa: asilimia 93.6 ya watoto wote magego yao ya juu na ya chini yalikuwa yamepangana vizuri mbele na nyuma. Piga hesabu. Hata kama waliobaki wote wangekuwa na uwazi, bado wengi wa wenye uwazi walikuwa na magego yaliyokaa sawa. Mtoto anaweza kuwa na mpangilio mzuri kabisa huko nyuma, ukitazama kwa upande, na mbele kukawa wazi.

Mzazi anapofika kliniki, swali lake huwa ni lini mtoto atafungwa waya wa kupanga meno na kwa bei gani. Ni maswali ya haki, ila kuna moja linalopaswa kutangulia: ni meno yapi yatakayosogezwa, na kwa nini hayo? Vijana wawili wenye uwazi uleule wa milimita nne wanaweza kuhitaji matibabu yanayopingana. Mmoja meno yake ya mbele yavutwe yakutane. Mwingine ya mbele yaachwe yalivyo, magego ndiyo yasukumwe.

Tofauti yao iko hivi. Kuna uwazi wa meno tu. Mataya yamekaa sawa, uso una urefu wa kawaida, ila kitu fulani kimeyazuia meno ya mbele yasitokeze mpaka mwisho. Na kuna uwazi wa mifupa. Huyu magego yake ya juu yameshuka kupita kiasi pamoja na mfupa unaoyashika, na taya la chini, kwa kuwa linagota huko nyuma mapema, limezunguka likaelekea chini na nyuma. Uso wake ni mrefu, hasa kuanzia chini ya pua hadi kidevuni. Midomo haikutani bila kukazwa, na ikikazwa ngozi ya kidevu inakunjamana. Wengi wana mchanganyiko wa hizo mbili, na kazi ya daktari bingwa wa kupanga meno ni kujua kila upande umechangia kiasi gani.

Ndiyo sababu anaagiza eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande. Katika picha hiyo hupima, pamoja na mengine, pembe iliyopo kati ya kitako cha fuvu na ukingo wa chini wa taya. Kiwango kinachofundishwa vyuoni ni nyuzi 32 hivi. Kadiri pembe inavyozidi hapo, ndivyo mifupa inavyozidi kushukiwa. Viwango hivyo vingi vilitokana na vipimo vya Wazungu, na nyuso zetu hazikuchongwa kwa rula hiyo. Daktari makini hatamhukumu mtoto kwa namba moja.

Sasa tuje kwenye chanzo, na hapa ulimi umelaumiwa kuliko inavyostahili. Ukimtazama kijana mwenye uwazi akimeza mate, utaona ulimi unachomoza katikati ya meno. Hitimisho linakuja haraka: ulimi ndio unaoyasukuma. William Proffit, mtaalamu wa Marekani aliyefundisha North Carolina, alilipinga hilo mwaka 1978 kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifuatilia. Binadamu humeza mara zisizofika 1,000 kwa siku, na kila mara shinikizo la ulimi hudumu kama sekunde moja. Jumla yake haifiki hata dakika 20. Jino halisogei kwa dakika 20. Linataka nguvu ndogo inayokaa juu yake kwa saa kadhaa kila siku. Kwa hiyo ulimi unapochomoza wakati wa kumeza, mara nyingi unaziba uwazi ambao tayari upo, maana usipozibwa mate na chakula vitatoka nje.

Kinacholeta tofauti ni mahali ulimi unapolala saa zote zilizobaki, wakati mtoto anasoma, anatazama runinga, amelala usingizi. Ulimi uliotulia mbele na chini, kati ya meno, hauhitaji nguvu ili kuyazuia yasikutane. Unahitaji muda tu, na muda unao. Kidole nacho kinapimwa hivyohivyo. Mtoto anayenyonya dakika tano akitafuta usingizi hajiumizi sana. Anayelala nacho mdomoni usiku kucha ndiye meno yake ya juu hutokeza nje, ya chini yakaingia ndani, na katikati ukabaki uwazi ambao mara nyingi umeegemea upande mmoja, ule wa kidole chenyewe.

Pua iliyoziba ni suala gumu zaidi. Mtoto mwenye nyama za pua zilizokua au mafua ya mzio yasiyokwisha hupumua kwa mdomo, na ili apumue hivyo lazima ashushe taya na ulimi. Inaingia akilini kwamba magego, yakikosa kugusana muda mrefu, yataendelea kutokeza na kuusukuma uso uwe mrefu. Egil Harvold na wenzake huko California waliziba pua za tumbili kuona kitakachotokea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1981, hayakuwa mepesi kama yanavyosimuliwa. Tumbili wale hawakupata wote kasoro ya aina moja. Kila mmoja alijitafutia namna yake ya kupitisha hewa, na meno na taya vikafuata namna hiyo. Somo ninalolichukua hapo ni dogo. Pua ya mtoto itibiwe kwa sababu anahitaji kupumua na kulala vizuri, na daktari wa pua, masikio na koo aonwe mapema. Lakini asiahidiwe mtu kwamba nyama zikikatwa meno yatakutana yenyewe. Wapo watu wengi wanaopumua kwa mdomo ambao meno yao yanakutana vizuri, na wapo wenye uwazi ambao pua zao ni safi. Umbo la uso la kurithi nalo lina sehemu yake kubwa.

Umri unabadilisha karibu kila kitu katika matibabu haya. Mataya hukua kwa mpangilio: upana hukamilika kwanza, kisha urefu wa mbele na nyuma, na mwisho kabisa urefu wa juu kwenda chini, ambao huendelea mpaka miishoni mwa ujana. Uwazi wa mbele ni tatizo la urefu huo wa mwisho. Hiyo ni nafasi na ni mtego kwa wakati mmoja. Ni nafasi kwa sababu kijana wa miaka 12 anayeendelea kukua anaweza kufaidika hata kwa kuyazuia tu magego yake yasiendelee kutokeza: uso unaendelea kukua, magego yamebaki pale yalipo, na kidevu kinapata njia ya kwenda mbele badala ya kwenda chini. Ni mtego kwa sababu ukimaliza matibabu akiwa na miaka 14 ukamfungua waya ukamwambia kwaheri, ukuaji ulioleta tatizo bado unaendelea kwa miaka mingine kadhaa.

Kwa mtoto mdogo ambaye kosa ni kidole peke yake, mara nyingi kuacha kunatosha. Akiacha karibu na wakati meno ya mbele ya utu uzima yanapoota, kati ya miaka sita na minane, uwazi hupungua na mara nyingi hujifunga. Anayeshindwa huwekewa uzio mdogo wa waya nyuma ya meno ya juu, uliofungwa kwenye magego kwa pete za chuma. Kidole hakipati tena raha yake, na ulimi nao unalazimika kurudi nyuma. Wiki ya kwanza kuzungumza na kula huwa shida. Uzio huachwa mdomoni miezi sita au zaidi baada ya tabia kukoma. Nadhani haufai kuwekwa kama adhabu. Mtoto asiyetaka kuacha ataukunja, na wazazi watalipia mwingine. Kijana wa miaka 14 kwa kawaida ameshaacha kidole siku nyingi, ila ulimi wake ulishazoea mahali palipoachwa wazi.

Mazoezi ya ulimi yanapendwa sana mitandaoni. Ncha ya ulimi iwekwe kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, midomo ifungwe, hewa ipite puani, mate yamezwe bila ulimi kuchomoza. Hayana madhara, na yanaweza kusaidia kulinda kilichopatikana kwa njia nyingine. Ushahidi kwamba yenyewe peke yake yanafunga uwazi wa kijana ni mwembamba, na uwazi wa mifupa hayawezi kuugusa.

Waya, yaani bresi, ndio njia ya wengi. Vidude vinabandikwa kwenye meno, waya unapita, kisha kijana anapewa vimpira vya kuvuta meno ya mbele ya juu na ya chini yakaribiane. Mwaka 1987 Young Kim, daktari wa kupanga meno, alieleza aina ya waya wenye vitanzi vingi ambao hunyanyua magego yaliyolalia mbele huku vimpira vikivuta mbele. Unafanya kazi vizuri mikononi mwa anayeujua, lakini bila vimpira kuvaliwa unaweza kuongeza uwazi badala ya kuupunguza. Mara nyingine magego madogo ya mbele yanang'olewa ili meno yaliyotokeza nje yapate nafasi ya kurudi ndani, na yanaporudi ncha zake hushuka na kukutana.

Je, kuvuta meno ya mbele ni sawa? Jibu linaonekana bila mashine yoyote. Mwambie kijana alegeze midomo, usimchekeshe, kisha tazama ni kiasi gani cha meno ya juu kinaonekana chini ya mdomo. Kwa umri huo milimita mbili hadi nne ni kawaida. Kama hakuna kinachoonekana, meno hayo hayajashuka vya kutosha na kuyashusha kutampa tabasamu zuri zaidi. Kama milimita sita zinaonekana tayari, na akicheka fizi zinajitokeza, kuyavuta chini ni kufunga uwazi kwa gharama ya uso. Meno yatakutana kwenye picha ya kliniki, fizi zitaonekana zaidi, na urefu wa uso utabaki palepale.

Kijana wa namna hiyo anahitaji kazi ifanyike nyuma. Fikiria mlango uliowekewa kokoto karibu na bawaba: kokoto ni ndogo, lakini upande wa kitasa mlango unabaki wazi kwa nafasi kubwa. Magego yako karibu na kiungo cha taya, meno ya mbele yako mbali nacho. Ndiyo maana kila milimita moja ambayo magego yanasukumwa kuingia kwenye mfupa, mbele uwazi hupungua kwa milimita mbili hadi tatu, na taya lote la chini linazunguka kwenda juu na mbele. Kidevu kinasogea mbele. Uso unafupika kidogo. Meno ya mbele hayajaguswa.

Zamani magego yalizuiwa kwa kofia ya mikanda yenye waya unaoingia mdomoni, ivaliwe saa 12 hadi 14 kila siku, au kwa vitalu vya plastiki vya kung'ata kati ya magego ili misuli ya kutafuna yenyewe iyasukume. Njia hizo zilifaa kwa mtoto aliyekubali kuzivaa. Ni kijana gani wa kidato cha pili atakayevaa mikanda kichwani saa 14 kwa siku? Tatizo lilikuwa ni kupata mahali imara pa kushikia, kwa sababu kila ukisukuma jino moja kwa kutegemea jingine, hilo jingine nalo linasogea.

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1997 Ryuzo Kanomi alichapisha maelezo ya skrubu ndogo sana zinazoingizwa kwenye mfupa wa taya, na mwaka 1999 Umemori, Sugawara na wenzao wa Sendai walieleza vibamba vya titani walivyovifunga kwenye mfupa na kuyaingiza magego ya chini kwa milimita tatu hadi tano, uwazi ukafungwa. Skrubu za leo zina urefu wa milimita sita hadi kumi na unene usiozidi milimita mbili. Ganzi kidogo ya sindano inatosha, kisha kimpira au springi huunganisha skrubu na magego, na kazi huchukua miezi kadhaa. Vibamba vinahitaji ufizi upasuliwe na kushonwa, kwa hiyo neno "bila upasuaji" lina mipaka yake. Maana yake ni kwamba taya halikatwi.

Mambo mawili hayasemwi mara nyingi. Skrubu hulegea: uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta asilimia 13.5 zinashindwa, na kwa watoto wadogo ambao mfupa wao bado laini hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo madaktari wengi husubiri mpaka miaka 12 au zaidi. Ufizi unaoizunguka usipopigwa mswaki vizuri huvimba, na skrubu ndiyo inayolipa. La pili ni kwamba magego ya juu yakisukumwa juu, ya chini huyafuata, yanatokeza kujaza nafasi iliyoachwa. Asipoyadhibiti daktari, miezi yote hiyo itakuwa imehamisha tatizo kutoka taya moja kwenda jingine. Muulize mapema atayashikaje.

Vifuniko vya plastiki visivyoonekana vinatangazwa kwamba unene wake unaolalia magego huyasukuma ndani. Kwa uwazi mdogo vinaweza kufaa, lakini sehemu kubwa ya kinachofungwa hutokana na meno ya mbele kusogea, na tumeshaona ni nani anayefaidika na hilo. Wale wanaouza vifuniko kwa kutuma picha za simu, bila eksirei wala mtu wa kutazama mdomo, waachwe.

Wapo ambao njia hizi zote haziwatoshi. Kijana mwenye uwazi mkubwa, uso mrefu sana na kidevu kilichorudi nyuma anaweza kuambiwa asubiri ukuaji ukome ndipo taya lipasuliwe, na kusubiri huko ni matibabu pia. Kosa linaloumiza ni kumfungia waya na vimpira akiwa na miaka 13 ili kuficha tatizo la mfupa. Akifika miaka 18 uwazi umerudi, na mpasuaji anahitaji meno yale yarudishwe kwanza yalipokuwa. Halafu kuna uwazi unaotokea ghafla kwa kijana ambaye meno yake yalikuwa yanakutana. Huo usifungiwe waya kabla kiungo cha taya hakijachunguzwa, kwa sababu baridi yabisi ya watoto, au kuliwa kwa kichwa cha mfupa wa taya ambako huwapata zaidi wasichana, huanza hivyohivyo, wakati mwingine bila maumivu makubwa.

Kuufunga uwazi kunawezekana. Kuuzuia usirudi ndiko kunakotofautisha kliniki na kliniki. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwatazama wagonjwa 41 miaka kumi baada ya kuacha vifaa vya kushikilia meno, wote walitibiwa kwa waya wa kawaida. Zaidi ya asilimia 35 walikuwa na uwazi wa milimita tatu au zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti kadhaa ulitoa sura yenye matumaini zaidi: waliotibiwa bila upasuaji asilimia 75 walibaki wamefunga, waliopasuliwa asilimia 82. Usizilinganishe namba hizo mbili kama mashindano, maana waliopelekwa kwa mpasuaji walikuwa na hali tofauti tangu mwanzo. Kwa magego yaliyosukumwa kwa skrubu, sehemu kubwa ya kinachorudi hurudi katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo kijana wa miaka 15 aliyefunguliwa waya atavaa kifaa cha kushikilia meno, mara nyingi chenye vitalu vya plastiki juu ya magego, kila usiku mpaka uso uache kukua, na mwaka wa kwanza ataonwa mara nyingi kuliko miaka itakayofuata. Kabla ya kulipa chochote, uliza kama bei uliyotajiwa inajumuisha kifaa hicho na ziara hizo, au ni ya waya tu.